Mwaka wa Kukaa Benchi

Usiku wa kuamkia Aprili 2, 2024, saa nane na robo, nilikuwa macho kwa keja yangu Roysambu nikitazama basketiboli ya wasichana wa vyuo vya Marekani kwenye simu iliyopasuka kioo. Kule Albany, jimbo la New York, ilikuwa bado Jumatatu jioni. Walikuwa wanacheza LSU na Iowa, wakitafuta nani aingie kwa timu nne za mwisho. Watu zaidi ya milioni 12 waliitazama mechi hiyo Marekani peke yake, na wengi wao walikuja kumwona Caitlin Clark wa Iowa. Clark hakuwaangusha. Alifunga alama 41, akatoa pasi 12 zilizozaa vikapu, na mitupo yake 9 ya alama tatu ikaingia.

Mimi nilikuja kumwona yule aliyepewa kazi ya kumkaba. Hailey Van Lith, gadi wa LSU, mfupi kuliko Clark, alikimbizana naye usiku mzima kama konda anayefukuzana na abiria aliyeruka bila kulipa. Kuna wakati Clark alitupa kutoka mbali kabisa, mpira ukaingia, na Van Lith akainua mabega tu, kama mtu anayesema, sasa mlitaka nifanye nini? LSU walipoteza 94 kwa 87. Kufikia asubuhi yale mabega yalikuwa kila mahali. Watu hawakumcheka kwa sababu alishindwa na Clark, maana Clark mwaka huo alikuwa anashinda kila mtu. Walimcheka kwa sababu ya kile alichotarajiwa kuwa.

Van Lith alitoka mji mdogo wa Cashmere, jimbo la Washington, akacheza miaka mitatu Louisville. Mwaka wa 2022 walifika timu nne za mwisho. Msimu wa 2022/23 alikuwa na wastani wa alama 19.7 kwa mchezo. Halafu mwaka 2023 akahama, na si kwa timu ya kujijenga polepole. Alienda kwa mabingwa wenyewe. LSU walikuwa wametoka tu kuwafunga Iowa hao hao 102 kwa 85 kwenye fainali ya Dallas, na gadi wao mkuu, Alexis Morris, alikuwa amemaliza muda wake. Mashabiki wakapiga hesabu ya dukani: toa Morris, weka Van Lith, ongeza Aneesah Morrow kutoka DePaul, Angel Reese bado yuko. Kikombe kingine kiko njiani, kilichobaki ni kuosha kabati.

Msimu ulianza Novemba 2023, LSU wakiwa wameorodheshwa nambari moja nchini. Mechi ya kwanza kabisa, Colorado wakawapiga 92 kwa 78. Kufikia mwisho wa msimu wastani wa Van Lith ulikuwa 11.6. Alama nane zilikuwa zimepotea kati ya Louisville na Baton Rouge, na mashabiki walizidai kama mzigo uliopotelea kwa basi la usiku.

Swali langu ni kama alama hizo zilikuwa zake za kubeba.

Kwa asiyefuata mchezo huu: gadi ni wale wachezaji, mara nyingi wafupi, wanaoshika mpira sana. Kuna gadi mfungaji, ambaye kazi yake ni kutafuta nafasi na kutupa. Kuna gadi wa kuongoza, anayeuvusha mpira, kupanga mchezo na kuamua nani ale na nani angoje. Louisville, Van Lith alikuwa mfungaji. LSU wakampa uongozi. Gadi wa kuongoza anahitaji kujua kwamba huyu mwenzangu anapenda mpira kifuani na si magotini, yule akikimbia kushoto kwa kweli anataka kurudi kulia. Mambo hayo hayaandikwi kwa takwimu. Unayajua kwa kukaa na watu.

Utaniambia: mbona Angel Reese alihama kutoka Maryland mwaka 2022 na msimu huohuo akatwaa ubingwa? Ni kweli, na si mzaha, maana alimaliza msimu huo na michezo 34 ambamo alifikisha kumi au zaidi kwa alama na kwa mipira aliyonyaka. Lakini mpira ukigonga ubao ukadunda, haukuulizi kama unawajua wenzako. Unaruka, unanyaka. Jasmine Carson naye aliyetoka West Virginia alifunga alama 22 kwenye fainali ile ya Dallas, karibu zote kipindi cha kwanza, kwa sababu mtupaji mzuri akiachwa peke yake kona ya kushoto, kona ni ile ile jimbo lolote. Kuna kazi zinazohama na mwenyewe. Ya kuongoza hubaki nusu na wale uliowaacha nyuma.

Na Alexis Morris je? Huyo ndiye mashabiki walimsahau vibaya zaidi. Alipita Baylor, ambako kocha Kim Mulkey alimfukuza kwa timu, akapita Rutgers, akapita Texas A&M, ndipo akakutana tena na Mulkey huko LSU. Ubingwa ulipokuja alikuwa kwenye msimu wake wa pili pale. Watu walikuwa wanamlinganisha Morris wa mwaka wa pili na Van Lith wa mwezi wa kwanza.

Hapa ndipo historia inaponivutia, kwa sababu zamani kulikuwa na mwaka katikati.

Kwa miongo mingi, sheria ya NCAA ilisema mchezaji wa basketiboli akihama chuo, akae msimu mzima bila kucheza. Afanye mazoezi, ahudhurie darasa, avae nguo safi siku ya mechi na kupiga makofi. Unamjua Stephen Curry. Mdogo wake, Seth, alianzia chuo kidogo cha Liberty, na msimu wa 2008/09 akawa na wastani wa alama 20.2, akiongoza wachezaji wote wa mwaka wa kwanza nchini. Akahamia Duke. Msimu wa 2009/10 alikaa. Aprili 2010 Duke walipowashinda Butler 61 kwa 59 kutwaa ubingwa, Seth hakuwa na dakika hata moja ya msimu huo. Aliporuhusiwa hatimaye, msimu wake wa kwanza wastani ulikuwa alama 9 tu. Ishirini ziliyeyuka zikawa tisa, na hiyo ni baada ya mwaka mzima wa kuwajua wenzake! Ilimchukua hadi mwaka wa mwisho, 2012/13, kufika 17.5.

Sheria hiyo ilikuwa ya uonevu, tusifichane. Haikugusa michezo yote. Ilibana zaidi ile inayoingiza pesa, kama basketiboli na futiboli ya Kimarekani, huku wa tenisi akiweza kuhama mara moja na kucheza. Makocha nao walikuwa wanahama watakavyo, mkataba mkononi. Oktoba 2018 ikafunguliwa potali ya uhamisho, mchezaji anaingiza jina lake na vyuo vingine vinamtafuta bila yeye kuomba ruhusa ya kocha. Aprili 2021 NCAA wakakubali kwamba kila mchezaji anaweza kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Mwezi huohuo Kim Mulkey aliondoka Baylor, alikotwaa mataji matatu, akaenda LSU. Hakuna aliyemwambia akae benchi mwaka mmoja. Julai 2021 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Desemba 2023 mahakama ya West Virginia ikasimamisha hata kizuizi cha wale wanaohama mara ya pili, na 2024 kikaondolewa kabisa.

Nilishangilia hayo yote na bado nashangilia. Ila kuna kitu kiliondoka pamoja na ule mwaka, na sikukiona hadi usiku ule wa mabega. Mwaka wa benchi ulikuwa adhabu kwa mchezaji, lakini ulikuwa pia breki kwa shabiki. Shabiki alilazimika kungoja, na mtu anayengoja hupoa. Sasa mchezaji anatangazwa Aprili, anafika chuoni wakati wa joto, Novemba anadaiwa kikombe.

Nayajua haya vibaya kwa sababu zisizohusu basketiboli.

Nilipata A- kwa KCSE, nikaitwa kusomea uhandisi chuo kimoja cha Bonde la Ufa. Kwa harambee ya karo mjomba alisimama, akashika kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi, akatangaza kwamba injinia wa kwanza wa ukoo ndiye huyu hapa. Mwaka wa kwanza nilifanya vizuri, si kidogo. Nikapata tamaa. Nikahamia chuo cha Nairobi chenye jina kubwa zaidi. Alama zangu zilifika kabla yangu, na kila aliyeziona alinitarajia mimi niwe hizo alama.

Kumbe chuo kipya hakikuzikubali zote. Karibu nusu ya masomo niliambiwa niyarudie, mengine niyafanye sambamba na ya mwaka wa pili. Niliingia darasa ambalo watu walikuwa washaunda makundi yao, washajua mhadhiri gani hurudia maswali na fundi yupi wa maabara ni mtu wa watu. Nilikaa nyuma. Semista ya kwanza nikafeli masomo matatu. Jamaa mmoja aliniuliza, bila ubaya wowote, “Si ni wewe walisema ulikuwa unaongoza kule?”

Kule. Nilichukua muda mrefu kukiri kilichokuwa kule. Kule nilikuwa nalala chumba kimoja na kijana aliyenifundisha hesabu usiku wa manane kwa kuchora ukutani na chaki, nami nikimfundisha fizikia. A yangu ya hesabu ilikuwa nusu yake. Niliipakia kwa begi nikaja nayo Nairobi nikidhani ni yangu yote. Karo ilipokatika mwaka uliofuata sikupigana sana. Niliacha, nikaanza kuandikia watu vitu mtandaoni.

Basi Mei 2023, niliposoma kwamba Caleb Love, gadi aliyekuwa North Carolina, ameshindwa kujiunga na Michigan na kwamba tatizo lililotajwa ni masomo yake kutokubaliwa, nilicheka peke yangu kwa matatu mpaka mama wa kando akahamisha mkoba. Love alienda Arizona, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Pac-12 ya 2024. Halafu Machi, dhidi ya Clemson, akatupa mara 9 kutoka mbali na hakuna hata moja iliyoingia. Arizona wakatoka. Unaweza kukisia mashabiki walikumbuka lipi.

Van Lith naye, baada ya mabega, alihama tena. Wengi walisema amekwisha. Kiangazi alicheza Olimpiki ya Paris, basketiboli ya watatu kwa watatu, akarudi na medali ya shaba, kisha akajiunga na TCU huko Texas. TCU walikuwa nani? Msimu wa 2022/23 walishinda mechi 8 tu. Januari 2024 majeruhi walikuwa wengi hivi kwamba walisalimisha mechi mbili bila kucheza na wakatangaza majaribio ya wazi kwa wanafunzi wa kawaida wa chuo, yaani kama unajua kudunda mpira, njoo. Hapo hakuna aliyekuwa ameosha kabati.

Kinachonishangaza ni kwamba TCU walimpa kazi ile ile iliyomshinda LSU. Kocha Mark Campbell alimwachia mpira aongoze, na mchezo wao mwingi ulijengwa juu ya gadi kuzunguka ukuta wa mwenzake mrefu, halafu yeye ndiye aamue: nitupe au nitoe. Akarudi hadi alama 17.9, na pasi zilizozaa vikapu zikapita tano kwa mchezo. Akawa mchezaji bora wa ligi ya Big 12. TCU wakafika timu nane za mwisho mara ya kwanza katika historia yao, na yeye akawa wa kwanza kufika hatua hiyo na vyuo vitatu tofauti.

Wanaompenda husema LSU walimharibu. Mimi naona vingine. Naona kwamba LSU ndiko alikokaa ule mwaka wa benchi ambao sheria ilikuwa imeufuta. Alikuwa anajifunza kuongoza, kama Seth Curry alivyokuwa anajifunza Duke akiwa amevaa shati safi. Tofauti ni kwamba Seth alijifunza mlango ukiwa umefungwa, na Van Lith alijifunza mbele ya watu milioni 12, huku Caitlin Clark akimtupia juu ya kichwa.

Machi 31, 2025, TCU walitolewa na Texas, 58 kwa 47. Huku ilikuwa tena saa nane usiku, na mimi tena macho, simu mpya kidogo. Alifunga alama 17, hakuna mwenzake aliyemfikia. Wiki mbili baadaye Chicago Sky wakamchagua wa 11 kuingia WNBA.

Mjomba alinipigia nikiwa naandika haya. Hupiga kila mwisho wa mwezi, na baada ya salamu huuliza umefika wapi. Hajawahi kusema chuo, lakini sote twajua. Nikamwambia naandika kuhusu msichana wa Marekani aliyehama chuo mara mbili.

“Na kile cha katikati,” akauliza, “walimfukuza?”

“Hapana, mjomba. Walimtarajia tu.”

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku kwake nyuma, na mtu akifunga geti. Akasema atanipigia jioni, kredi inaisha.