Hardwick Hall, Nyumba Aliyoijenga Bess

Mwaka 1590, Bess wa Hardwick alipofiwa na mumewe wa nne, Earl wa Shrewsbury, alikuwa amepita miaka 60 na utajiri wake ulijulikana Uingereza nzima. Mafundi walikuwa bado wanamjengea nyumba kwao Derbyshire. Hakusubiri waimalize. Alianza nyingine, Hardwick Hall, hatua chache tu pembeni yake, kwa ramani inayoaminika kuwa ya Robert Smythson, na mwaka 1597 akahamia.

Vioo vilikuwa ghali mno siku hizo, lakini nyumba hii ilijaa madirisha, kwani Bess alikuwa na kiwanda chake cha vioo na machimbo yake ya mawe. Dohani zilipitishwa ndani ya kuta za katikati, kwa hiyo kuta za nje zikaachiwa madirisha. Nayo yanarefuka kadiri unavyopanda: mafupi chini kwa watumishi, marefu zaidi kwenye ghorofa ya familia, na marefu kupita yote juu kabisa, kwenye vyumba vya wageni wa heshima. Ukumbi mkuu, ambao kwa desturi ya Kiingereza ulilazwa sambamba na uso wa nyumba, hapa unaikata nyumba katikati, mbele hadi nyuma. Ni ujasiri wa kustaajabisha. Juu ya minara sita zimechongwa herufi ES, za jina lake Elizabeth Shrewsbury, zinazosomeka kutoka mbali.

Bess alijua pia kupatana bei. Aliponunua mazulia 13 ya ukutani yenye kisa cha Gideoni wa Biblia, yaliyokuwa ya mwanasiasa Sir Christopher Hatton, alidai apunguziwe pauni 5 kwa sababu ingemlazimu kufunika nembo za Hatton kwa zake.

Alifariki mwaka 1608. Wazao wake, Maduke wa Devonshire, walipendelea kuishi katika jumba lao jingine, Chatsworth, na hilo ndilo lililoiokoa Hardwick: hakuna aliyeona haja ya kuibomoa na kuijenga upya kwa mtindo wa zama zake. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, aliyeitumikia familia hiyo, alifia humo mwaka 1679.

Duke wa kumi alipofariki mwaka 1950, kodi ya mirathi ilikuwa kubwa kiasi kwamba nyumba ikatolewa kwa serikali kuilipia, na mwaka 1959 ikafika mikononi mwa taasisi ya uhifadhi, National Trust. Evelyn, mjane wa Duke wa tisa, alikuwa ameyarekebisha mazulia ya ukutani ya nyumba hiyo kwa mkono wake miaka mingi. Kazi hiyo iliendelezwa na mafundi wa taasisi, wakiyakarabati mazulia ya Gideoni moja baada ya jingine kwa miaka 24, hadi la mwisho liliporudishwa ukutani mwaka 2023.