Matembezi ya Ndege wa Mei katika Central Park

Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei, ndege wadogo waimbao hupita kwa wingi juu ya jiji la New York. Hutoka Mexico, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini, wakielekea misitu ya kaskazini mwa Marekani na ya Kanada wanakozaliana. Wengi wao husafiri usiku, na upepo wa kusini ukivuma huwasukuma mbele. Kukipambazuka hutafuta mahali pa kutua, kunywa maji na kula viwavi. Katikati ya mawe na vioo vya Manhattan, mahali hapo ni Central Park, bustani ya ekari 843, na hasa sehemu yake yenye miti na vichaka iitwayo Ramble. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua safari ya namna hii kwa upande wake mwingine: mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme wakati wa kaskazi, kisha ikifika Machi na Aprili hutoweka, kwa kuwa wamekwenda kuzaa Ulaya na Asia.

Ramble si msitu wa asili. Ilibuniwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioshinda shindano la mchoro wa bustani hiyo mwaka 1858. Miti ilipandwa, njia zikapindishwa kwa makusudi, na kijito kinachopita humo hulishwa kwa maji ya bomba. Wabunifu hao walimfikiria mtu wa mjini anayetaka kutembea kivulini. Lakini kwa ndege aliyeruka usiku kucha, hilo lilikuwa doa la kijani lisilo na mfano katika eneo lote, naye alilikubali bila kuuliza nani alilipanda.

Katika karne ya 19, kumjua ndege kulimaanisha kumwua. Mtaalamu alibeba bunduki, akampiga ndege, akamchuna ngozi na kuiweka kabatini pamoja na mayai yaliyotolewa viotani. Wafanyabiashara wa mitindo walifanya vibaya zaidi. Mwaka 1886 kijana aitwaye Frank Chapman alitembea alasiri mbili katika mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia za wanawake. Kati ya kofia 700 alizoziona, 542 zilikuwa na manyoya, na katika manyoya hayo alitambua ndege wa aina 40. Hayo yalikuwa matembezi ya kuangalia ndege, ila ndege wote walikuwa wafu. Yangeyange ndio walioteseka kuliko wengine, maana manyoya yao mazuri huota wakati wa kuzaa; aliyewawinda aliacha makinda yafe njaa kiotani.

Mwaka huohuo, katika Chuo cha Smith huko Massachusetts, mwanafunzi Florence Merriam alianzisha jambo lililobadilisha desturi. Alimwalika mwandishi John Burroughs kuja kuwaongoza wanafunzi mashambani na misituni alfajiri, wakasikilize ndege na kuwatazama wakiwa hai. Wasichana waliokuwa wakivaa manyoya walianza kuyabandua kofiani. Mwaka 1889 Merriam alitoa kitabu kilichomfundisha mtu wa kawaida kutambua ndege kwa kutumia darubini ndogo ya kwenye ukumbi wa maigizo. Chapman anatajwa mara nyingi zaidi, lakini matembezi ya kuongozwa, kama yanavyofanyika leo, yana deni kubwa zaidi kwa Merriam: yeye ndiye aliyeona kwamba mtu hutetea kile alichokitazama kwa macho yake.

Sheria zilifuata. Mwaka 1896 wanawake wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, waliunda chama cha kuwalinda ndege. Sheria ya Lacey ilipitishwa mwaka 1900, na mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, ulizaa sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Mwaka huohuo wa 1900 Chapman, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe lililo ng'ambo ya barabara kutoka Central Park, alipendekeza kwamba badala ya kuwinda siku ya Krismasi, watu wahesabu. Siku hiyo watu 27 walijitokeza. Hesabu hiyo haijakoma hadi leo.

Bado palikuwa na ubishi: je, inawezekana kuwa na uhakika wa aina ya ndege bila kumshika mkononi? Ludlow Griscom, aliyezaliwa New York mwaka 1890, alijibu kwamba inawezekana, iwapo mtu atajifunza alama, mwendo na sauti. Vijana wa Bronx waliounda klabu yao mwaka 1924 walimfuata kama wanafunzi wa mwalimu. Roger Tory Peterson, aliyejiunga nao baadaye, aliyaweka maarifa hayo katika kitabu cha mfukoni cha mwaka 1934, chenye michoro na mishale midogo inayoelekeza jicho kwenye alama ya kutofautisha. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha upesi. Tangu hapo bunduki haikuwa na hoja tena.

Kazi ya mwongozaji katika Ramble huanza masikioni. Majani ya Mei huficha, na ndege wa jamii ya Parulidae, wenye uzito wa gramu 10 hivi, hawatulii. Mwongozaji husikia mlio, hutaja jina, kisha huelekeza darubini za kundi kwenye mialoni inayochanua, ambako viwavi ni wengi. Hapo huonekana Setophaga fusca, mwenye koo la rangi ya chungwa kama kaa la moto. Mwishoni mwa msimu huja Setophaga striata, mweusi na mweupe, ambaye mlio wake ni mwembamba kiasi kwamba wazee wengi hawausikii. Akizidi kuonekana, wazoefu hujua msafara unakwisha. Kwa miaka mingi Starr Saphir aliongoza matembezi haya, akitoza dola 8 tu, na hakuacha hata saratani ilipomdhoofisha. Alifariki mwaka 2013. Wengine waliandika walichoona katika daftari la pamoja lililowekwa kwenye jengo la mashua kando ya ziwa, na kwa njia hiyo mgeni aliyefika saa nne aliweza kujua kilichopita saa kumi na mbili asubuhi.

Hesabu hizo za subira zimefichua hasara. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3 tangu 1970. Sababu ni nyingi, na kubwa ni kuharibiwa kwa makazi yao. Katika jiji lenyewe, adui ni kioo: ndege huona taswira ya mti, huirukia na kufa. Watetezi wa ndege wa New York wanakadiria kuwa kati ya 90,000 na 230,000 hufa hivyo kila mwaka. Watu waliokuwa wakitembea Ramble asubuhi walianza pia kuokota maiti chini ya majengo, wakaziorodhesha na kuzipeleka kama ushahidi. Desemba 2019 baraza la jiji lilipitisha sheria inayotaka majengo mapya yatumie vioo ambavyo ndege wanaweza kuviona, nayo ilianza kutumika Januari 2021. Majengo yaliyokuwapo kabla yake hayakuguswa, isipokuwa yakifanyiwa ukarabati mkubwa wa vioo.