Dola Moja ya Seyyid Said: Zawadi ya Bure Iliyokuja Kuuzwa kwa Mamilioni

Kuna dola moja ya fedha iliyopigwa mnada huko Marekani Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Soma tena taratibu. Dola moja, ikanunuliwa kwa dola milioni saba na laki sita na themanini elfu. Kwa hela ya Bongo ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 17. Na aliyepewa dola hiyo bure, mkononi, kama zawadi, ni Seyyid Said yule yule wa kwenye daftari la historia la sekondari, aliyehamisha makao kutoka Muscat kuja Zanzibar mwaka 1840 na kujaza visiwa mikarafuu.

Shule walifundisha mikarafuu. Hii dola waliiruka.

Kabla ya kwenda mbali, kuna neno moja la kuelewa: prufu. Sarafu ya kawaida inagongwa mhuri mara moja, haraka haraka, inadondoka kwenye rundo na wenzake, inatoka kiwandani tayari ina mikwaruzo. Prufu inatengenezwa kwa kudekezwa. Kile kipande cha duara kinasuguliwa mpaka kiteleze, mihuri nayo inang'arishwa, halafu kinagongwa kwa nguvu zaidi ya mara moja ili kila unywele kwenye picha utokee. Anayeitoa anaishika kwa ukingo tu, na siku hizi anavaa glavu. Matokeo yake uwanja wa sarafu unakuwa kioo kabisa, na picha inasimama juu yake. Hakuna anayeenda kununua mkate na prufu. Inatengenezwa ili itazamwe, itunzwe au apewe mtu mkubwa.

Sasa turudi nyuma. Miaka ya 1820 meli za Wamarekani zilikuwa zinakuja sana Zanzibar, hasa kutoka mji mdogo wa bandari unaoitwa Salem, jimbo la Massachusetts. Walileta vitambaa vya pamba, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Ndiyo maana mpaka leo bibi zetu wanaita kile kitambaa cheupe merikani. Mfanyabiashara mmoja wa New Hampshire alifika na meli Zanzibar, akaonana na Seyyid Said mwanzoni mwa 1828, akalalamika kuhusu masharti ya biashara. Jamaa alirudi kwao akapiga kelele serikalini mpaka akafanywa mjumbe. Septemba 1833 akasaini mkataba na Sultani kule Muscat: Wamarekani wafanye biashara kwenye himaya yake yote na walipe ushuru wa asilimia 5 tu. Si mchezo, kwa mtu aliyeanza kama mlalamikaji.

Mkataba ukisainiwa lazima urudi ukiwa umeidhinishwa, na ukirudi kwa mfalme haurudi mikono mitupu. Mwaka 1834 serikali ya Marekani ikaagiza kiwanda chake cha sarafu kule Philadelphia kitengeneze seti za zawadi, kila aina ya sarafu ya nchi, za dhahabu, fedha na shaba, zipangwe kwenye kisanduku kizuri. Seti moja ya Sultani wa Muscat, moja ya mfalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand, na nyingine kwa ajili ya watawala wa mbali zaidi.

Hapo ndipo mambo yalipochekesha. Watu wa kiwandani wakakumbuka kwamba dola ya fedha kisheria ipo, ila hawajaitengeneza kwa miaka thelathini. Ilisimamishwa kwa sababu ya ujanja wa mtaani: wafanyabiashara walikuwa wanazisafirisha dola mpya kwenda visiwa vya Karibi, wanazibadili moja kwa moja na dola za Kihispania ambazo zilikuwa nzito kidogo, kisha wanarudi na zile nzito kuziyeyusha na kupiga faida. Kiwanda kikawa kinahangaika bure. Kwa hiyo 1834 wakafungua vitabu, wakaona mara ya mwisho dola zilitoka 1804, idadi 19,570. Wakasema basi, tuandike 1804.

Shida ni kwamba zile 19,570 hazikuandikwa 1804. Kiwanda kilitumia mihuri ya zamani yenye mwaka 1803 na ya nyuma yake, maana chuma kizuri kilikuwa ghali na hakuna aliyetupa mhuri unaofanya kazi. Kwa hiyo dola ya kwanza ya Marekani kuandikwa 1804 ilizaliwa 1834. Haikuwa ya kughushi, kwa sababu kiwanda chenyewe ndicho kilichoigonga, kwa amri ya serikali, kwa mtambo wa skrubu uliozungushwa kwa nguvu za mikono. Lakini huo mwaka usoni mwake ni uongo. Sarafu inayotafutwa kuliko zote Marekani ilianza maisha na tarehe ya kuzaliwa ya kupanga, kama baadhi ya wachezaji wetu wa mpira.

Mjumbe akapanda manowari iitwayo Peacock na visanduku vyake. Septemba 1835 manowari hiyo ilitia nanga Zanzibar kabla ya kuendelea Muscat, maana yake ile dola ya bilioni 17 ilishawahi kuelea mbele ya Forodhani. Safari ya kutoka hapo ilikaribia kuizamisha. Karibu na kisiwa cha Masirah, pwani ya Oman, meli ilipanda juu ya mwamba, mabaharia wakatupa mizinga baharini ili ipungue uzito, na majahazi yenye watu wa silaha yakaanza kuizunguka. Mjumbe alichukua mashua ndogo na watu wachache wakaenda mpaka Muscat kuomba msaada, na Sultani akautuma. Oktoba zawadi zikamfikia. Kutoka hapo wakaenda Siam kupeleka za kule, kisha mjumbe akaugua na kufia Macau Juni 1836. Visanduku ambavyo havikuwa vimefika vilirudishwa Marekani.

Seyyid Said alizifanyia nini zile sarafu? Kwenye soko la Zanzibar fedha iliyokuwa ikitembea ni riale ya Maria Theresa, ile yenye mama mnene wa Austria, na mtu wa sokoni alipima uzito wa fedha kwanza, picha baadaye. Dola ya prufu yenye tarehe ya kupanga haikuwa na maana yoyote kwa wauza karafuu. Sultani naye hakukaa kimya. Mwaka 1840 alituma meli yake mwenyewe, Sultanah, ikafika New York ikiwa na karafuu, kahawa, tende, pembe za ndovu na farasi wa zawadi kwa rais. Nahodha wake, Ahmad bin Na'aman, akachorwa picha ambayo jiji la New York liliitunza. Sultani akafariki 1856 akiwa baharini, njiani kutoka Oman kuja Zanzibar.

Huku Marekani, mambo yalikuwa yanachemka. Mwaka 1842 wataalamu wawili wa kiwanda cha sarafu walichapisha kitabu chenye picha za sarafu za dunia, na humo ndani ikaonekana dola ya 1804. Wakusanyaji wakashtuka, mbona hatujawahi kuiona hii? Mwaka uliofuata mkusanyaji mmoja akafunga safari mpaka Philadelphia, akawapa wale wa kiwanda sarafu adimu ya dhahabu ambayo hawakuwa nayo, wao wakampa dola ya 1804. Sasa sikia hii: jamaa huyo alikuwa mtu wa Salem. Mji ule ule uliokuwa unaleta merikani Zanzibar.

Habari zikisambaa bei inapanda, na bei ikipanda lazima atokee wa kupiga dili. Kati ya 1858 na 1860 mfanyakazi wa humo humo kiwandani alitumia mihuri kugonga dola nyingine za 1804 kimya kimya, na zikaanza kuuzwa kwa wakusanyaji. Alikuwa na nafasi, alikuwa na mtambo, ila alikosa kitu kimoja: maandishi ya ukingoni. Dola za zamani zinazungukwa na maneno kwenye ukingo, zake zilikuwa laini. Wakusanyaji wakashtukia, kelele zikawa kubwa, viongozi wakazikusanya na kuziharibu. Iliyobaki yenye ukingo laini ni moja tu, iko makumbusho ya Smithsonian, na ukiiangalia vizuri chini ya picha unaona mabaki ya sarafu nyingine: ilikuwa sarafu ya Uswisi ya 1857, ikagongwa juu yake. Dola ya 1804 yenye Uswisi ya 1857 tumboni! Hata hivyo watu wa kiwandani hawakukoma. Zilitoka nyingine kadhaa, safari hii zikiwa zimewekewa maandishi ukingoni, na kwa miaka mingi waliokuwa nazo waliapa kwamba ni za mwaka 1804 kweli.

Ubishi huo uliendelea karibu karne nzima. Kilichoumaliza ni kisanduku cha mfalme wa Siam, ambacho kiliibuka London 1962 kikiwa na sarafu zake ndani, dola ya 1804 ikiwa imekaa kando ya sarafu zilizoandikwa 1834. Hapo kila mtu akaelewa kwamba hizi ni za safari moja. Seti hiyo iliuzwa 2005 kwa dola milioni 8.5.

Ile inayoaminika kuwa ya Seyyid Said ilishafika Uingereza mapema zaidi, mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool, ikauzwa mnadani London 1917 na kurudi Marekani. Familia moja iliinunua 1945, ikaikalia zaidi ya miaka hamsini. Walipoiuza 1999 ikavunja rekodi kwa dola milioni 4.14. Wakaguzi waliipa alama 68 kati ya 70, maana yake kwa miaka yote hiyo, toka jahazi mpaka benki, karibu hakuna aliyeikwaruza.

Sio zote zilizopata utulivu huo. Mwaka 1967 majambazi wenye silaha walivamia nyumba ya tajiri mmoja Florida, wakaifunga familia na kuondoka na mkusanyiko mzima, zikiwemo dola mbili za 1804. Ukiiba kitu kama hicho unakiuza wapi? Kila muuzaji duniani anaijua kwa sura. Moja ilikuja kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyingine mpaka miaka ya 1990.

Ndoto ya kupata ya kwako ndiyo inayouza dola za prufu za kumbukumbu mpaka leo. Serikali ya Marekani ilishaonja biashara hii mapema. Desemba 14, 1899 iligonga kwa siku moja dola 50,000 za kumbukumbu ya Lafayette, zikauzwa dola 2 kila moja ili kujenga sanamu lake Paris, na baadaye kama 14,000 zikayeyushwa kwa kukosa wanunuzi. Mwaka 1983 dola za kumbukumbu zikarudi kwa ajili ya Olimpiki ya Los Angeles. Mwaka 1986 ikaja ya Sanamu ya Uhuru, yenye gramu 26.73 na fedha asilimia 90, nzuri, ndani ya boksi la heshima. Watu wakajaa. Prufu zilizouzwa zilizidi milioni 6.4, na michango iliyopatikana ikasaidia kukarabati sanamu lenyewe. Kwa sanamu ilikuwa neema. Kwa waliozificha kabatini wakisubiri utajiri, mpaka leo zinauzwa karibu na bei ya madini yake, kwa sababu kila jirani naye anayo.

Linganisha na Tai wa Fedha ya prufu ya 1995 yenye herufi W. Hiyo haikuuzwa peke yake. Ulilazimika kununua seti ya dhahabu ya dola 999 ndipo upewe kama nyongeza. Wakusanyaji wengi walikasirika, wakasusa. Zikatoka 30,125 tu, na waliosusa ndio waliokuja kuzililia zikifika bei ya maelfu ya dola. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Atlanta ilimwaga matoleo mengi mpaka watu wakachoka, na dola ya kumbukumbu ya Paralimpiki, ile ya kawaida isiyo prufu, ikauzwa 14,497 tu. Hakuna aliyeitaka, ndiyo maana sasa ni adimu. Bunge lao likapitisha sheria ya kuweka kikomo cha matoleo mawili ya kumbukumbu kwa mwaka.

Kwa miaka mingi dola za 1804 zilizojulikana zilikuwa 15: nane za zawadi, ile moja ya Uswisi, na sita za ujanja. Kila moja ina orodha ya nani alimuuzia nani. Za bandia ziko maelfu. Nyingine ni dola halisi za 1801 zilizochongwa tarakimu ya mwisho, nyingine ni chuma tupu kilichopakwa rangi, ukisogeza sumaku inarukia yenyewe. Kwa hiyo mtu akikutumia picha usiku kwamba marehemu babu yake aliacha nyingine na anataka laki mbili ya haraka kwa simu, anza na sumaku.