Fahali wawili zizi moja: reli ya Watford na treni ya Bakerloo



Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Leo nataka niwaletee habari za fahali wawili waliowekwa zizi moja hapa London mwaka 1915, na mpaka leo hawajaachana. Nazungumzia reli ya Euston hadi Watford Junction, na treni za Bakerloo zinazotoka chini ya ardhi na kuingia kwenye reli hiyohiyo. Wengi wetu tunaokaa Harlesden, Wembley, Kenton au Harrow tunazipanda kila siku bila kuuliza ilikuwaje. Mimi naona tukiuliza, jibu lake linatuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki, maana na sisi tulikuwa na jambo la namna hii, likavunjikia mikononi mwetu.

Kwanza tuelewane kuhusu njia yenyewe. Reli hii ina stesheni 19. Inaanzia Euston, inapita kaskazini-magharibi ya jiji na kuishia Watford, ambako ni nje ya mipaka ya London. Inakwenda sambamba na njia kuu ya Birmingham, Manchester na Glasgow, lakini ina reli zake peke yake kwa treni zinazosimama kila kituo. Bakerloo nayo inatoka Elephant & Castle, inapita chini ya katikati ya jiji, na inapokaribia Queen's Park inachomoza juani. Kutoka hapo hadi Harrow & Wealdstone, stesheni kumi kwa jumla, treni za aina mbili zinapokezana juu ya reli moja: moja ya kitongoji, ndefu na kubwa, na nyingine ile ndogo ya mviringo iliyoshonwa kwa kipimo cha tundu lake. Mtu akisimama Wembley Central haulizi mwenye treni ni nani. Anauliza inakwenda Euston au Oxford Circus, basi.

Sasa turudi nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya London and North Western ilikuwa na shida mbili. Njia yake kuu ilikuwa imejaa, treni za mwendo wa haraka zikizuiwa na treni za kitongoji. Pili, abiria wa karibu walikuwa wanahamia kwenye tramu za umeme. Mwaka 1907 ikapata kibali cha Bunge kujenga njia mpya ya Watford, na mpango wa awali ulikuwa na mzunguko wa chini ya ardhi pale Euston, wake peke yake. Yaani kila fahali na zizi lake.

Upande wa pili kulikuwa na Bakerloo, iliyofunguliwa tarehe 10 Machi 1906 baada ya visa vingi. Mfadhili wake wa kwanza, Whitaker Wright, alifilisika na kufikishwa mahakamani, na mwaka 1904 akajiua mara tu baada ya kuhukumiwa. Mradi ukaokolewa na Charles Yerkes, Mmarekani aliyepata utajiri wake kwenye tramu za Chicago. Njia ikamalizika, lakini mapato yakawa chini ya matarajio. Ilikuwa na tundu zuri katikati ya jiji, ila haikuwa na vitongoji vya kuilisha abiria.

Hapo ndipo wawili hawa walipoona kwamba kila mmoja anacho ambacho mwenzake hana. Mwaka 1911 wakakubaliana. Kampuni kubwa ikauacha ule mzunguko wa Euston, ikaikopesha Bakerloo pauni milioni moja kwa riba ya asilimia 4 ili ichimbe kutoka Paddington hadi Queen's Park. Hebu fikirini: tajiri anamkopesha jirani yake pesa achimbe njia ya kuingilia uani kwake! Hakufanya hivyo kwa mapenzi. Alipiga hesabu akaona kumlipia mwenzake ni nafuu kuliko kuchimba lake.

Njia mpya ikaanza kutumika tarehe 10 Februari 1913, kwanza kwa treni za mvuke. Bakerloo ikafika Queen's Park Februari 1915, ikaingia kwenye reli ya wenzake hadi Willesden Junction Mei mwaka huohuo, na tarehe 16 Aprili 1917 ikafika Watford Junction. Vita Kuu vilikuwa vimepamba moto. Wanaume walikwenda vitani, na stesheni ya Maida Vale ilipofunguliwa Juni 1915 wafanyakazi wake wote walikuwa wanawake. Mabehewa yaliyoagizwa kwa ajili ya kazi hii yalichelewa, ikabidi kuazima mabehewa ya njia nyingine ya chini ya ardhi, Central London.

Tusidhani makubaliano ya mwaka 1911 yalimaliza kazi. Shida zenyewe zilianza hapo, na mimi naziona ndizo zenye somo.

Ya kwanza ni kimo. Sakafu ya treni ya tundu iko chini, sakafu ya treni ya kawaida iko juu. Jukwaa la stesheni limfuate nani? Wakachagua kimo cha katikati, kisichomfaa yeyote sawasawa. Ndiyo maana mpaka leo kwenye stesheni nyingi za sehemu hii unashuka kidogo kuingia Bakerloo na unapanda kidogo kuingia treni ya Euston. Mwenye gari la mtoto au mgonjwa wa magoti anaijua historia hii vizuri kuliko mimi.

Ya pili ni umeme. Treni za chini ya ardhi za London hutumia reli nne: mbili za magurudumu, moja ya kuleta umeme, na moja ya kuurudisha, ili usivuje kwenye mabomba na kuta za chuma za tundu. Kampuni kubwa ikakubali mtindo huo huo wa reli nne, ikajenga na mtambo wake wa umeme Stonebridge Park. Mwaka 1970 British Rail iliiacha reli ya nne kwa treni zake yenyewe, lakini pale Bakerloo inapopita reli hiyo ilibakizwa na kuunganishwa na zile za magurudumu, ili mgeni aendelee kupita. Hiyo nayo ni heshima ya jirani.

Ya tatu ni mabehewa. Mwaka 1920 yalipatikana mabehewa 72 ya umiliki wa pamoja, yenye sakafu iliyoinuliwa kidogo ili yasimkere yeyote. Lakini milango yake ilifunguliwa kwa mkono, na kwenye stesheni za katikati ya jiji upandaji ukawa wa polepole mno. Miaka kumi hivi baadaye yakaondolewa. Kitu kilichotengenezwa kumridhisha kila mtu hakikumridhisha abiria. Kilichodumu ni ule utaratibu wa kila mmoja kuja na treni yake, mradi njia na ratiba wazisikilizane.

Baada ya hapo wenye mali walibadilika mara nyingi: kampuni ziliunganishwa mwaka 1923, usafiri wa London ukawekwa chini ya bodi moja mwaka 1933, reli zote zikataifishwa mwaka 1948. Treni zikaendelea kupita. Tatizo lilikuja mwaka 1982. Baraza la jiji lilikuwa limepunguza nauli, majaji wa Baraza la Malodi wakaamua Desemba 1981 kwamba hatua hiyo si halali, na Machi 1982 nauli zikapandishwa maradufu. Septemba mwaka huo Bakerloo ikaondolewa Watford na hata Harrow, ikawa inaishia Stonebridge Park. Reli zilikuwa zilezile, umeme uleule, majukwaa yaleyale. Kilichopungua kilikuwa fedha na utashi. Juni 1984 ikarudi hadi Harrow & Wealdstone, kwa saa za msongamano kwanza. Watford haijaiona tena mpaka leo.

Na ni akina nani waliokuwa wakikaa Wembley na Kenton miaka hiyo? Hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1968 iliyowalenga Waasia wa Kenya, na baada ya Idi Amin kuwafukuza wale wa Uganda mwaka 1972, ambapo watu kama 28,000 walikuja Uingereza, wengi walijikusanya kwenye mitaa hii. Ukishuka Wembley Central ukafuata Ealing Road utauziwa "mogo" wa kukaanga, na msomi yeyote wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba huo ni muhogo uliovuka bahari mara mbili. Jayaben Desai, aliyeongoza mgomo wa Grunwick kuanzia Agosti 1976 hadi Julai 1978, alikuwa ameishi Tanganyika kabla ya kuja huku. Kiwanda kilikuwa karibu na stesheni ya Dollis Hill, na hadi mwaka 1979 tawi hilo la Stanmore nalo lilikuwa la Bakerloo. Watu hawa hawakuwa na magari. Walikwenda kazini zamu za asubuhi kwa treni. Bakerloo ilipokatwa mwaka 1982, waliolazimika kuteremka na kubadilisha ndio hao.

Sasa kwetu. Mara nyingi tunasema reli za kikoloni zilijengwa kubeba mali kwenda bandarini, na ni kweli tupu. Lakini kuna jambo tunalisahau. Reli ya Uganda ya Waingereza na reli za Wajerumani za Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na upana mmoja, milimita 1000. Mwaka 1924 njia ya Voi hadi Kahe iliunganisha Mombasa na Moshi. Mwaka 1948 zote zikawekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Kuanzia hapo behewa liliweza kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala bila kubadilisha hata gurudumu moja.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, kila nchi ikachukua mabehewa yaliyokuwa kwake, na mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Hakuna reli iliyopinda wala daraja lililoanguka. London walikuwa na treni mbili zisizolingana kwa kimo wala umeme, wakasikilizana. Sisi tulikuwa na treni zinazolingana kwa kila kitu, tukashindwa kusikilizana.

Na hatujamaliza. TAZARA ilijengwa miaka ya 1970 kwa upana wa milimita 1067, kwa sababu ya maana kabisa, iungane na reli za Zambia na kusini. Lakini kwa kuungana kusini ikashindwa kuungana na Reli ya Kati katika jiji hilohilo. Treni za abiria za jijini Dar zilipoanza Oktoba 2012, ilibidi ziwe mbili, kila moja kwa reli yake. Mwaka 2024 ikaja reli ya umeme ya milimita 1435, ya tatu hiyo. Stesheni yake iko karibu na ile kongwe ya mjini, lakini anayeteremka TAZARA itabidi atafute daladala. Nairobi nako, abiria wa reli mpya ya mwaka 2017 anateremshwa Syokimau, kisha anapanda treni nyingine ya reli ya zamani kuingia mjini. Sisemi reli hizi mpya ni mbaya. Nimezipanda, ni safi na ni za haraka. Nasema kila moja imejengwa kana kwamba nyingine haipo.

Hapa London reli ya Watford ilichukuliwa na London Overground Novemba 2007, na tangu Novemba 2024 inaitwa Lioness, kwa heshima ya timu ya wanawake ya Uingereza, kwa kuwa inapita Wembley. Chini ya jina jipya mkataba wa zamani ungali unafanya kazi: reli ni za Network Rail, treni moja ni ya Overground, nyingine ya London Underground, na tikiti ni moja. Mabehewa ya Bakerloo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo makongwe kuliko yote ya chini ya ardhi ya London. Nani kasema ushirikiano unahitaji vitu vipya?

Kwa hiyo, wale kati yenu wenye kuandika ripoti za ushauri kwa serikali zetu, swali langu ni hili: mnapohesabu kilomita za reli na idadi ya vichwa vya treni, kuna anayehesabu abiria anatembea mita ngapi na mzigo wake kutoka reli ya fahali mmoja hadi ya mwenzake? Mwaka 1911 kampuni mbili zenye uchu wa faida zilikaa mezani kwanza, ndipo zikachimba. Kwetu tunachimba kwanza.

Nawasilisha.