Unataka kuwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia? Zijue njia zako ukiwa Arusha

Arusha siku hizi neno "kaunsela" liko kila mahali. Yupo kanisani, yupo shuleni, yupo kliniki ya CTC, yupo hata kwenye status ya WhatsApp akiuza ushauri wa ndoa kwa saa. Kijana anayeipenda kazi hii, na mzazi atakayelipa ada, wote wanabaki na swali lilelile: nisome nini, nisome wapi, na leseni nitapewa na nani?

Jibu fupi ni kwamba Tanzania hakuna mlango mmoja. Hatuna baraza mahususi la washauri nasaha kama walilonalo Kenya. Usajili wako unategemea taaluma uliyoingilia: udaktari, uuguzi, ualimu au nyingine. Kwa hiyo chagua mlango kwanza, cheti kitafuata. Ukifanya kinyume unaweza kumaliza ada ya familia ukabaki na karatasi isiyokupeleka popote.

Tofautisha majina kwanza

• Mshauri nasaha au mnasihi: anamsikiliza mtu na kumsaidia kupanga njia katika msiba, ndoa, masomo, ulevi au ugonjwa.
• Mwanasaikolojia tiba: amesomea kupima hali ya akili na kutibu kwa mazungumzo, ndiyo saikotherapia. Haandiki dawa.
• Daktari bingwa wa afya ya akili: ni daktari kamili. Anaandika dawa na anaweza kulaza mgonjwa.
• Ofisa ustawi wa jamii: anashughulika na familia, watoto, ukatili na migogoro ya matunzo. Ushauri ni sehemu ya kazi yake.

Wengi wetu tulilijua neno "ushauri nasaha" kupitia upimaji wa VVU. Vituo vya Angaza vilianza 2001, na Julai 14, 2007 Rais Jakaya Kikwete alizindua kampeni ya kitaifa ya kupima. Washauri wengi wa wakati ule walipata mafunzo ya wiki chache kwa kazi hiyo moja, na waliifanya vizuri. Lakini hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba kozi fupi inatosha kutibu kila jambo. Haitoshi.

Mlango wa 1: Saikolojia

Ukimaliza Kidato cha Sita, kiwango cha chini cha kuingia digrii kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Chuo husika kinaweza kutaka zaidi, hasa kuhusu masomo uliyofaulu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shahada ya Elimu katika Saikolojia. Ukitaka kwenda upande wa tiba, Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili (MUHAS) kina shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Hesabu ya kawaida ni miaka 3 ya digrii ya kwanza na 2 ya uzamili. Jiandae kuishi nje ya Arusha kwa muda, na bajeti ya chumba na chakula Dar iingie kwenye hesabu kabla hujaomba.

Digrii ya kwanza peke yake inakupa msingi. Kukaa na mtu mwenye sonona kali au aliyebakwa kunahitaji mafunzo ya vitendo chini ya mtu aliyebobea.

Mlango wa 2: Afya

Huu ni mrefu, ila usajili wake ndio ulio wazi zaidi. Udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ubingwa wa afya ya akili MUHAS ni miaka 3 mingine. Jumla ni miaka 9 ya masomo na mafunzo, mbali na ile utakayofanya kazi katikati.

Muuguzi naye anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na anaweza kujiendeleza upande wa afya ya akili. Kwa aliyeko tayari kazini hospitalini, hii mara nyingi ndiyo njia rahisi kuliko kuanza upya.

Mlango wa 3: Ustawi wa jamii

Hapa hata mwenye Kidato cha Nne ana nafasi. Unaanza na astashahada, unapanda stashahada, kisha digrii. Vyuo vya ngazi hizo za chini vinasimamiwa na NACTVET. Ukitaka kuingia digrii kwa stashahada, kiwango cha kawaida ni GPA ya 3.0.

Chuo kinachojulikana zaidi ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam. Kama una kazi au familia na huwezi kuhama, Chuo Kikuu Huria kinafundisha digrii ya ustawi wa jamii na kina kituo cha mkoa hapa Arusha.

Angalizo: Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru iko karibu, na wengi wanachanganya majina. Maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii ni fani mbili tofauti. Uliza kabla ya kujaza fomu.

Mlango wa 4: Ualimu na huduma ya dini

Shuleni kuna mwalimu wa ushauri na unasihi. Huyu ni mwalimu kwanza, na jukumu la unasihi analiongezewa.

Upande wa dini, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, kinafundisha teolojia, na hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiwafundisha wachungaji kuwahudumia wagonjwa kiroho. Ni kazi ya heshima, na watu wengi wa Meru na Arusha hufika kwa mchungaji, padri au shehe kabla ya kufika hospitali. Lakini haikupi ruhusa ya kujitangaza kuwa unatibu magonjwa ya akili. Kiongozi mzuri wa dini anajua muda wa kumwambia muumini, "Hili twende hospitali."

Leseni: usichanganye karatasi

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukisajili jina BRELA, ukapata TIN ya TRA na leseni ya biashara ya Jiji, umeruhusiwa kufanya biashara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kama unaweza kumsaidia mtu anayetaka kujiua.

Kituo kinachotoa tiba kinafuata taratibu za Wizara ya Afya za vituo binafsi. Nacho chama cha taaluma, kama Chama cha Wanasaikolojia Tanzania (TAPA), kinakuunganisha na wenzako. Ni vizuri kujiunga, ila uanachama si leseni ya serikali.

Kenya walitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014. Ina bodi yake, na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Namanga iko takriban kilomita 110 tu kutoka mjini, na Watanzania wengine husoma Nairobi, kwenye vyuo kama USIU na Daystar. Ukienda huko, kumbuka digrii ya nje inahitaji kutambuliwa na TCU ukirudi.

Na usidhani Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapahapa Arusha, imeshamaliza suala hili. Makubaliano ya kutambuana kitaaluma yamewafikia wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Washauri nasaha bado.

Sheria 3 utakazokutana nazo kazini

1. Siri za mteja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa daftari na simu unayohifadhia habari za watu. Taarifa za afya zinahitaji ulinzi wa ziada.
2. Mtoto anayeteswa: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa. Siri haimfuniki anayemuumiza mtoto. Namba ya msaada kwa watoto ni 116, bure.
3. Kujaribu kujiua: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita kosa. Ndiyo maana mteja anaweza kukaa mbele yako saa nzima asilitaje. Lazima ufundishwe namna ya kuliuliza, na namna ya kumfikisha hospitali akiwa salama.

Kabla hujalipa ada, uliza haya

• Chuo na kozi hii vipo kwenye orodha ya TCU au NACTVET ya mwaka huu? Jina la chuo kuwepo halitoshi, tafuta kozi yenyewe.
• Nitafanya mazoezi wapi, kwa muda gani, na nani atanisimamia? Kozi ya ushauri isiyo na vitendo ikimbie.
• Nikimaliza nitasajiliwa na nani? Mtu wa udahili akishindwa kujibu swali hili, rudi nyumbani na hela yako.
• Waliomaliza wanafanya kazi gani leo? Omba kuongea na mmoja.

Kama bado huna uhakika, usianze na ada. Jitolee kwanza kwenye kituo cha watoto, huduma ya wagonjwa nyumbani au dawati la unasihi la chuo chako. Miezi mitatu ya kusikiliza shida za watu itakuonyesha kama kazi hii unaiweza.

Na kama unayesoma hapa unatafuta msaada wako mwenyewe, si masomo, usisubiri. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu, useme unahitaji huduma ya afya ya akili. Ukikutana na kaunsela wa binafsi, una haki ya kumuuliza amesomea wapi na amesajiliwa na nani. Aliyesoma hatakasirika.