Pembe ya Tembo na Mwanzi: Habari ya Vyombo vya Chai vya Wajapani

Sisi watu wa Kibombo tunajua habari ya pembe ya tembo. Katika miaka ya 1870 na 1880, misafara ya Tippu Tip ilitoka Kasongo kwenda pwani, na pembe zilikwenda juu ya mabega ya wapagazi na watumwa. Kwa hiyo tunaona inafaa kueleza namna gani watu wengine, mbali sana na kwetu, waliweka pembe kando wakachagua mwanzi.

Wajapani wana chai inayoitwa macha. Majani yanakaushwa, kisha yanasagwa kwa jiwe hata yanakuwa unga laini. Kwa kuitengeneza wanatumia vyombo vitatu vya mwanzi: chashaku, kijiko chembamba cha kuchotea unga, hishaku, upawa wa maji ya moto, na chaseni, ya kukorogea chai hata itoe povu. Chaseni inatoka katika kipande kimoja tu cha mwanzi, ambacho fundi anakipasua kwa kisu hata kinakuwa na vijiti vyembamba themanini au mia.

Zamani vijiko vya namna hiyo vilitoka China, vingine vya pembe ya tembo. Hatusemi kwamba pembe ile ilitoka Maniema. Lakini fikara ilikuwa moja: kitu cha heshima ni kile kinachotoka mbali na kinachouzwa ghali.

Walimu wa chai waligeuza fikara hiyo. Murata Jukō, aliyekufa mwaka 1502, alipenda vyombo vya kawaida. Baada yake Sen no Rikyū alichonga chashaku akiacha kifundo cha mwanzi kionekane katikati, bila kukificha. Bwana wake, Toyotomi Hideyoshi, yeye alijitengenezea chumba cha chai cha dhahabu. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyū ajiue. Kabla ya kufa, Rikyū alichonga kijiko cha mwanzi, akampa mwanafunzi wake Furuta Oribe. Jina la kijiko hicho ni «Machozi». Chumba cha dhahabu kilipotea. Kijiko kingali kinatunzwa Nagoya.

Mwanafunzi mwingine wa Rikyū alikuwa mkristu, Justo Takayama Ukon. Mwaka 1587 Hideyoshi alimtaka aache dini. Alikataa, akanyang'anywa nchi yake. Padri João Rodrigues, Myezuiti aliyeishi Japani wakati ule, aliandika kwamba Ukon alizoea kuingia katika chumba kidogo cha chai kusudi asali. Mwaka 1614 alifukuzwa, akafa Manila mwaka 1615. Mwaka 2017 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Basi, wasomaji wapendwa, tusipime heshima ya kitu kwa bei yake. Kwa ajili ya pembe, mababu zetu walifungwa minyororo. Lakini mwiko na kikapu vya mama zetu havikumfunga mtu.