Jabali Lililokataa Kugeuka

Wengi waliokulia pwani wameliona tanuu la chokaa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, moto ukawashwa, nayo yakiiva huwa chokaa nyeupe ya kujengea. Moto huitoa hewa ya kaboni iliyomo ndani ya jiwe, ikapaa. Kinachobaki si jiwe lile tena. Sasa jiulize: jiwe hilo likipata moto huku limekandamizwa hata hewa yake isipate pa kutokea, litakuwaje?

Suali hili lilimshughulisha James Hutton, mtaalamu wa Uskoti aliyefariki mwaka 1797. Alishika kwamba chini ya ardhi moto upo, lakini uzito wa majabali ya juu huizuia hewa ile kutoka. Wako waliomkanusha. Rafiki yake, Sir James Hall, alianza majaribio mwaka 1798. Alishindilia unga wa chokaa mbichi katika mitutu ya bunduki, akaiziba barabara, akaitia motoni. Baadhi ya mitutu ilipasuka, asichoke. Mwaka 1805 aliwasomea wenziwe mjini Edinburgh aliyoyapata: unga ule ulikuwa jiwe gumu, na mara nyingine lilifanana na marumaru.

Elimu ikaendelea. Mwaka 1893 George Barrow alionyesha, katika milima ya Uskoti, jinsi mawe yaliyotokana na udongo yalivyozaa madini mbalimbali, daraja kwa daraja, kadiri joto lilivyozidi. Baadaye Pentti Eskola wa Finland akaweka kanuni: mawe yenye asili moja, yakipata joto moja na mkandamizo mmoja, hutoa madini ya namna moja. Basi ikawa rahisi kudhani kwamba jiwe likishazikwa kina fulani, hapana budi ligeuke.

Lakini kiko kisiwa kiitwacho Holsnøy, karibu na mji wa Bergen, nchini Norwei. Majabali yake yalipikwa ndani ya ardhi miaka milioni 930 hivi iliyopita, kwa joto kali lililoyaacha makavu. Kisha, miaka milioni 430 hivi iliyopita, mabara mawili yaligongana, na majabali hayo yakasukumwa chini kiasi cha kilomita 60. Kwa kina hicho yalistahili kuwa eklojaiti yote, jiwe zito la kijani lenye chembe nyekundu za ganeti. Mwaka 1987 mtaalamu Håkon Austrheim alieleza ajabu aliyoiona: jiwe la zamani lipo vile vile, na hatua chache ubavuni mwake ipo eklojaiti. Yote mawili yalizikwa pamoja.

Kilichoyatenga ni maji. Eklojaiti imefuata nyufa na mishipa ya jabali. Penye ufa maji kidogo yalipenya, na viini vya madini vikapata njia ya kuhama na kujipanga upya. Pasipokuwa na ufa, jiwe lilibaki kavu, likastahimili. Mwaka 1994 Austrheim na mwenziwe Boundy walieleza zaidi kwamba zimo nyufa zenye alama za jiwe lililoyeyuka kwa msuguano, athari ya matetemeko yaliyotokea huko huko chini. Kumbe jiwe kavu, kwa ugumu wake, hupasuka badala ya kupinda, na ufa ule ndio huyafungulia maji mlango.

Jambo hili si dogo. Eklojaiti ni nzito kuliko jiwe iliyotokana nalo. Mizizi ya milima ikigeuka huongezeka uzito na yaweza kuzama. Isipogeuka, huendelea kuibeba milima. Ndiyo maana wanaochunguza mizizi ya Himalaya na Tibet hukitazama kisiwa kile kidogo kwa mfano.

Ndugu msomaji, sura ya jiwe peke yake haitoshi kuwa shahidi wa safari yake. Lile lisilogeuka lilishuka kina kile kile na likabeba mzigo ule ule. Nasi walimu huwatazama wanafunzi wawili waliokaa jamvi moja. Mmoja akabadilika, mwenziwe asibadilike, tukamhukumu wa pili kwamba hakupata kitu. Tukazidisha mkazo, tukidhani mkazo ndio dawa. Huenda alichokosa ni maji kidogo tu, na penye kupenya.